Pampu Iliyokamata: Hesabu ya Trekta Kuukuu Kati ya Butembo na Beni

Trekta la Massey Ferguson 135 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970. Ukilikuta leo likilima kwenye tambarare ya Semliki, kati ya Beni na mpaka wa Kasindi, lina umri wa nusu karne hivi, au zaidi. Chuma chake bado kipo. Kinacholisimamisha mara nyingi ni kifaa ambacho mtu hukibeba kwa mkono mmoja: pampu ya injekta, yaani ile inayopima mazutu na kuyasukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli. Ikikaa muda mrefu bila kazi, hukamata. Ikishakamata, mwenye trekta huambiwa: imekufa, nunua nyingine. Kauli hiyo nataka kuipima kwa tarakimu, kwa sababu kuna siku inamgharimu mkulima bure, na kuna siku kuipuuza ndiko kunakomgharimu zaidi.

Tuanze na kazi yenyewe. Injini ya trekta hili, Perkins AD3.152, ina silinda tatu, ujazo wa lita 2.5 na nguvu za farasi 45 hivi. Ikibanwa kwa uwezo wake wote hunywa kama lita 10 za mazutu kwa saa. Tuchukue mizunguko 2,000 kwa dakika. Kila silinda hupewa mazutu mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo silinda tatu hupewa mara 3,000 kwa dakika, au mara 180,000 kwa saa. Gawanya lita 10 kwa 180,000: unapata milimita za ujazo 55.6 kwa kila mpigo. Tone la maji lina kama milimita za ujazo 50. Pampu, basi, hupima tone moja na ushei, mara 50 kwa sekunde. Na trekta lililofanya kazi saa 6,000 limepimiwa tone hilo mara bilioni 1.08.

Tone hilo halisukumwi kwa urahisi. Nozeli hufunguka kwa shinikizo la takriban angahewa 175, ilhali tairi la gari dogo hujazwa angahewa 2 hivi. Ili mazutu yasivujie pembeni, sehemu zinazoteleza ndani ya pampu husagwa kiwandani kwa jozi, kila moja na mwenzake, na nafasi inayobaki kati yao, ambayo nitaiita mwanya, ni mikroni chache tu, 2 hadi 4. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Nitatumia mwanya wa mikroni 3 katika hesabu zote: unywele mmoja ni mnene mara 23 kuliko nafasi hiyo.

Sasa ingiza kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Tuchukue mara tatu, makadirio ya wastani. Uso wa chuma ukipoteza mikroni 0.75, huota kutu ya mikroni 2.25, yaani umenenepa kwa mikroni 1.5. Nyuso ziko mbili zinazotazamana, kwa hiyo jumla ni mikroni 3, na mwanya umeisha. Chuma kilicholiwa kila upande ni kama asilimia 1 ya unene wa unywele. Ndiyo maana pampu inaweza kukamata huku ukiifungua unaiona inang'aa, na ndiyo maana pia wakati mwingine inafunguka bila kuacha kovu: kilichoharibika ni kidogo mno.

Maji ya kuleta kutu hiyo yanatoka wapi? Jibu linalosikika zaidi kwa mafundi ni jasho la tenki: usiku wa baridi, hewa iliyo ndani ya tenki lisilojaa huacha maji. Dhana hii inahesabika. Hewa iliyoshiba unyevu kwa nyuzi 20 hubeba gramu 17.3 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa nyuzi 12, ambayo ni baridi ya kawaida ya alfajiri ya milimani, hubeba gramu 10.7. Tofauti ni gramu 6.6. Tenki la trekta hili lina lita 40 hivi. Likibaki na lita 10 tu, hewa ni lita 30, na jasho la usiku mmoja ni gramu 0.2. Kwa siku 180 ni gramu 36, na hapo tumekubali kwamba hewa yote ya tenki hubadilika kila siku. Haibadiliki. Tofauti ya nyuzi 8 huipanua hewa kwa chini ya asilimia 3, na unyevu mpya unaoingia kila siku ni ule tu uliomo katika hewa hiyo kidogo. Hesabu ya kweli inashuka chini ya gramu 3 kwa nusu mwaka.

Linganisha na bidoni. Mazutu mengi ya pembezoni mwa mji hununuliwa kwa kadhafi, muuzaji wa kando ya barabara, kwa bidoni za lita 20 ambazo jana huenda zilibeba maji ya kunywa. Bidoni ikiwa na asilimia 1 ya maji, hiyo ni mililita 200. Tenki hujazwa kwa bidoni mbili: mililita 400. Maji ya safari moja ya kununua yanazidi jasho la miezi sita kwa zaidi ya mara 100. Sisemi tenki liachwe tupu. Nasema mkulima anayejaza tenki ili kuzuia jasho, lakini haachi bidoni itulie usiku kucha na kumwaga sehemu ya chini, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Mazutu yaliyochanganywa na mafuta ya taa yana dhara jingine, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi kama mazutu, na pampu hii hailainishwi na kitu kingine chochote.

Kabla ya kuhesabu fedha, lazima tutenganishe aina za pampu, maana neno "imekamata" hufunika magonjwa yasiyofanana. Iko pampu ya safu, ambamo kila silinda ina plunja yake, yaani kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya ala yake. Na iko pampu ya kugawa, ambamo kichwa kimoja chenye rota inayozunguka hupima mazutu ya silinda zote na kuyagawa kwa zamu. MF 135 hutumia ya pili, CAV DPA. Asili yake ni ubunifu wa Mmarekani Vernon Roosa. Kampuni ya CAV ya Acton, London, ikapata leseni na kuanza kuitoa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Pampu hiyohiyo, kwa silinda nne, utaikuta kwenye injini ya Perkins 4.236, ambayo hufungwa kwenye matrekta makubwa zaidi na kwenye jenereta pia. Kwa hiyo fundi wa Butembo anayeijua haishi kwa matrekta peke yake, na hilo ni jambo jema kwa mwenye trekta.

Tofauti hiyo ya aina inaonekana mara moja katika asilimia. Kwenye pampu ya safu, plunja moja ikikamata juu, injini ya silinda nne hupoteza asilimia 25 ya nguvu na ya silinda tatu hupoteza 33. Inawaka, lakini inachechemea. Kwenye DPA hakuna kupoteza sehemu: rota au vali ikishika, ni asilimia 100, injini haiwaki kabisa. Vilevile, kwa kuwa kipimo ni kimoja kwa silinda zote, DPA inayopeleka mazutu pungufu kwenye silinda moja tu kwa kawaida haina kosa. Hatia iko kwenye nozeli au bomba la silinda hiyo. Mwenye trekta akiambiwa abadilishe pampu ya DPA kwa sababu "silinda moja haipati", ana haki ya kuuliza swali la pili.

Kwenye DPA yenyewe kuna kukamata kwa namna mbili, na umbali kati yake ni mkubwa kuliko tofauti ya bei yoyote nitakayoitaja. Ya kwanza ni vali ya kupimia. Fungua mfuniko wa juu wa pampu iliyolala miezi tisa: harufu inayotoka si ya mazutu tena, ni kali kama vanishi ya mbao. Vali ni kijiti kifupi, kimepakwa rangi ya chai ya rangi, na wenzo wake ukiusukuma kwa kidole haujibu. Hakuna kutu. Ni gundi ya mazutu yaliyozeeka. Unaloweka kwa mazutu safi, unangoja, unagusa kulia, kushoto, nusu milimita, unaongeza mazutu, unagusa tena. Kinachotakiwa ni mwendo wa kidole kimoja bila kusita. Kazi ya nusu siku, na pampu haijatoka kwenye injini.

Ya pili ni rota. Hapa kuna kipimo kisichogharimu hata faranga moja. Ubavuni mwa DPA kuna dirisha dogo lenye kibati kinachoshikwa na bolti mbili. Lifungue, zungusha injini polepole kwa mkono, utazame ndani. Rota ikizunguka, haijakamata, tafuta kosa kwingine: filta, hewa kwenye mabomba, vali ya kupimia. Isipozunguka, acha hapo hapo. Anayejaribu "kuisaidia" kwa stata anaweka nguvu ya betri na meno ya gia juu ya shafti nyembamba. Shafti ikikatika, tatizo la kutu limekuwa tatizo la vipuri.

Kwa rota iliyoshika, au plunja ya pampu ya safu, joto ndilo lenye hesabu nzuri kuliko zote. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja. Ala yenye kipenyo cha milimita 9, ikipata joto la nyuzi 60 zaidi ya plunja iliyomo ndani yake, hupanuka kwa mikroni 6.5, zaidi ya mara mbili ya mwanya wa mikroni 3. Lakini sharti liko katika maneno "zaidi ya plunja". Vyote viwili vikipata joto sawa, vinatanuka pamoja na karibu hakuna kilichopatikana. Maji ya moto yanayomwagwa ghafla juu ya ala hufanya kazi katika sekunde za mwanzo. Pampu iliyowekwa kando ya jiko kwa saa nzima haijasaidiwa na lolote ila dawa ya kulainisha kutu kupenya.

Hesabu hiyo ikigeuzwa, inaonya. Pampu inapofanya kazi ina joto. Mwagia maji ya mto trekta lililotoka kulima sasa hivi, injini ikiwa inanguruma: ganda la nje linapoa na kubana, rota ndani bado ni ya moto. Tuseme rota ina kipenyo cha milimita 20 na tofauti ni nyuzi 30 tu: mbano ni mikroni 7.2. Mwanya ulikuwa 3. Pampu nzima kabisa inaweza kukamata mbele ya macho ya mtu aliyekuwa anaiosha kwa upendo.

Msasa nao una hesabu yake. Chembe za msasa wa namba 400, unaoitwa mwembamba, zina ukubwa wa mikroni 35 hivi. Za namba 1000 ni 18. Kupitisha chembe ya mikroni 18 juu ya uso uliosagwa kwa mwanya wa mikroni 3 ni kuuchimba. Tofauti kati ya kuufungua mwanya na kuuharibu inapimika: mvujo wa mazutu huongezeka kwa mchemraba wa mwanya. Ukitoka mikroni 3 kwenda 4, mvujo unakuwa mara 2.4. Ukienda 6, ni mara 8. Dalili yake inajulikana na madereva hata kama hawajui sababu: trekta huwaka asubuhi ya baridi mazutu yakiwa mazito, likizimwa saa sita mchana haliwaki tena hadi lipoe.

Sasa fedha. Bei zote zinazofuata ni za mfano. Nimezichagua ili kuonyesha njia ya hesabu, na msomaji aweke zake mahali pangu. Butembo vitu vizito huuzwa kwa dola, kwa hiyo nahesabu dola, na kwa ajili ya wanaovuka Kasindi nabadilisha kwa shilingi 3,700 za Uganda kwa dola moja. Lita ya mazutu naiweka dola 1.60.

Njia ya kwanza ni kuifungua hapahapa. Filta mbili, dola 12. Sili na wosha za shaba, dola 25. Mazutu safi lita 10 za kuoshea na kuloweka, dola 16. Dawa ya kulainisha kutu, dola 6. Fundi kwa siku mbili, dola 40. Jumla dola 99, sawa na shilingi 366,300.

Njia ya pili ni kuipeleka kwenye benchi la kupimia, mashine inayoizungusha pampu na kupima mazutu yake kwa mililita. Tuseme benchi linalotumainiwa liko Kampala. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi Kasindi 80, na kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya 400. Nauli kwenda na kurudi, dola 60. Chakula na malazi siku nne, dola 60. Karatasi na kuvuka, dola 40. Kazi ya benchi, dola 120. Vipuri, dola 80. Fundi wa kutoa na kurudisha, dola 40. Jumla dola 400, shilingi 1,480,000. Katika hizo, asilimia 40 ni barabara na mpaka. Pampu haijui kwamba imesafiri.

Njia ya tatu ni pampu iliyotumika, tuseme ya soko la Kisekka, Kampala, kwa dola 250. Ongeza asilimia 16 ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani ya Kongo, dola 40, tukiacha ushuru mwingine. Safari ileile ya dola 160. Kufunga dola 40. Jumla dola 490, shilingi 1,813,000. Ni ghali kuliko benchi kwa asilimia 22.5, na unachokinunua ni kukamata kwa mtu mwingine ambako bado hakujatokea. Bila karatasi ya kipimo cha benchi, sioni kwa nini njia hii ndiyo hushauriwa kwanza.

Mpaka hapa nimefanya kosa ambalo hesabu nyingi za gereji hulifanya: sikuhesabu siku. Jembe lenye upana wa mita 0.6, mwendo wa kilomita 5 kwa saa, na asilimia 75 tu ya muda ikiwa ni kulima kwenyewe, hutoa mita za mraba 2,250 kwa saa. Kwa saa nane ni hekta 1.8. Kwa dola 90 kwa hekta mapato ni dola 162. Toa mazutu, lita 6 kwa saa, lita 48 kwa siku, dola 76.80. Toa dereva na msaidizi wake, dola 15, na oili na grisi, dola 5. Zinabaki dola 65.20; tuseme 65. Hiyo ndiyo bei ya siku moja ya trekta kusimama wakati wa kulima. Nje ya msimu bei hiyo ni sifuri au karibu na sifuri, na jambo hili pekee linaweza kugeuza uamuzi wote.

Njia ya kwanza ikichukua siku 3, gharama yake ni 99 na 195, jumla dola 294. Benchi likichukua siku 8, ni 400 na 520, jumla 920. Tazama vipuri vya dola 80 katika hizo 920: ni asilimia 8.7. Siku za kungoja ni asilimia 56.5. Anayebishana na muuza vipuri ashushe dola 10 anabishana na sehemu ndogo ya gharama yake.

Sasa swali la kamari. Kujaribu kwanza hapa nyumbani kunafaa ikiwa uwezekano wa kufaulu ni mkubwa kiasi gani? Ukishindwa, umelipa majaribio na benchi pia. Kizingiti ni gharama ya kujaribu ikigawanywa kwa gharama ya benchi. Nje ya msimu: 99 kwa 400, asilimia 25. Ndani ya msimu: 294 kwa 920, asilimia 32. Yaani haraka ya msimu haikuambii ujaribu zaidi. Inakuambia uwe na uhakika zaidi kidogo kabla ya kujaribu, kwa sababu siku tatu za majaribio yaliyoshindwa nazo zina bei.

Kisha weka Beni ilivyo. Mauaji ya raia katika eneo hilo yalianza kuongezeka Oktoba 2014. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa Kivu Kaskazini na Ituri Mei 2021. Barabara inaweza kufungwa siku mbili au wiki mbili. Benchi likichukua siku 21 badala ya 8, gharama ni 400 na 1,365, jumla dola 1,765, na kizingiti kinashuka hadi asilimia 16.7. Fundi wa Beni anayekaa siku tatu na pampu ambayo mwenzake wa Kampala angeitupa si mbishi wala hana ujinga wa mashine. Kwa nafasi moja kati ya sita, hesabu iko upande wake.

Udhaifu wa hesabu hii uko kwenye uwezekano wenyewe. Fundi anakumbuka pampu alizozifungua. Zile zilizoshindikana zilikwenda Kampala na hakuziona tena. Na wastani wa jumla hauna maana, kwa kuwa vali yenye gundi na rota yenye kutu ni vitu viwili. Kwa vali, ningejaribu bila kuhesabu. Kwa rota iliyokaa na maji mwaka mzima, ningeangalia kwanza maji ndani ya bakuli la filta: yakiwa ya rangi ya kahawia, sidhani asilimia 32 inafikiwa.

Hata kufaulu kunahitaji kuulizwa. Mfuniko ukifunguliwa na mikono mingi, kiwango cha juu cha mazutu kinaweza kuchezewa. Tuseme pampu iliyofunguliwa inatoa asilimia 8 zaidi. Kwa mpigo mmoja ni milimita za ujazo 4.4, chini ya sehemu ya kumi ya tone. Hakuna jicho linaloliona. Kwa siku ni lita 3.84, dola 6.14. Tofauti ya njia ya kwanza na benchi, bila kuhesabu siku za kusimama, ilikuwa dola 301, kwa hiyo siku ya 49 ya kulima faida yote imeliwa, na msimu wa siku 60 ukiisha umelipa dola 369 za moshi.

Moshi huo unazidi kadiri unavyopanda mlima. Beni iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Butembo karibu 1,750. Shinikizo la hewa Butembo ni kama asilimia 81 ya lile la pwani, Beni kama 88. Pampu iliyopimwa kwa kitabu cha kiwandani humwaga mazutu ya pwani kwenye hewa ya mlima. Mpeleka pampu Kampala amwambie fundi wa benchi, kabla ya kazi, trekta litalima wapi.

Kipimo cha asilimia 8 hakihitaji benchi. Pima hekta moja kwa kamba. Jaza tenki hadi shingoni, lima, jaza tena kwa chombo chenye alama za lita. Kwa mfano wetu, hekta ni lita 26.7, pampu iliyozidi kwa asilimia 8 itanywa 28.8. Tofauti ya lita 2.1 inaonekana kwenye jagi. Fanya mara mbili kwenye udongo uleule, kwa maana udongo mbichi na mkavu hutofautiana kuliko pampu. Na katika kazi yote hiyo, mkono usipite mbele ya bomba lililolegezwa injini ikizunguka: mazutu ya angahewa 175 hutoboa ngozi bila maumivu makubwa ya mwanzo, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Kwa pampu ya safu ambayo fimbo yake ya kudhibiti mazutu ilikuwa imeshika, kaa na kipande cha ubao mkononi, tayari kuziba mdomo wa hewa injini ikikimbia na kukataa kuzimika.

Imebaki gharama ya kuzuia. Kuwasha trekta nusu saa kila wiki mbili, kwa lita 1.5 kwa saa, ni lita 0.75 mara 26, lita 19.5 kwa mwaka, dola 31.20. Ukilinganisha na dola 294 za kuifungua msimuni, inalipa ikiwa hatari ya kukamata ni zaidi ya asilimia 10.6 kwa mwaka. Ukilinganisha na dola 1,765 za benchi wakati barabara imefungwa, inalipa kuanzia asilimia 1.8. Ni kizingiti kidogo kuliko vyote katika ukurasa huu, nami nilitaka kuishia hapo.

Lakini ina dhana ndani yake: kwamba kila wiki mbili kuna mtu anayeweza kufika shambani. Trekta lililoachwa na mwenyewe aliyeondoka usiku na watoto wake halina wa kuliwasha nusu saa. Miezi tisa ikipita, gundi inashika, na siku atakaporudi, kama tenki na betri bado vipo, ataanzia kwenye dola 99 ambazo huenda hana, katika msimu ambao tayari unampita kwa dola 65 kwa siku.